Manali kwa siku tano: nilivyopanda bila kuumwa na mwinuko

Gari linakutoa Manali, mita 2,050 juu ya usawa wa bahari, na saa mbili tatu baadaye umesimama kwenye kipito cha Rohtang, mita 3,978. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni ya siku ya pili, tena kwa miguu. Kupanda haraka hivyo ndiko kunakomwuguza mtu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonipangia safari nzima ya Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Hoteli, picha na michezo vilifuata nyuma yake.

Nilichagua katikati ya Mei. Mvua kubwa za Julai hadi Septemba huangusha udongo na mawe barabarani, na kuanzia Julai 15 hadi Septemba 15 jimbo husimamisha kuruka kwa parashuti za kuanzia mteremkoni (paragliding) na kuteremka mto kwa mashua za mpira. Desemba hadi Februari theluji hushuka mpaka mjini, ila Rohtang huwa imefungwa. Ubaya wa Mei na Juni ni likizo za shule za India: ukichelewa kutoka asubuhi, utaumaliza mchana kwenye foleni.

Visa niliomba kwa intaneti na kuichapisha. Anayetokea Kenya, Uganda, Burundi au Congo abebe pia cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia.

Toka Delhi kuna ndege hadi Bhuntar, kilomita 50 hivi chini ya Manali, lakini uwanja ni mdogo, umebanwa na milima, na mawingu yakishuka safari inafutwa. Nilipanda basi la usiku: kilomita zaidi ya 500, saa 12 hadi 14. Kona zinaanza usiku wa manane na ndizo zinazotapisha watu. Kata kiti cha mbele au cha katikati, kamwe si nyuma ya magurudumu ya mwisho, kula kidogo jioni, na uweke mfuko wa plastiki mahali mkono unapofika gizani.

Siku mbili za kwanza sikupanda popote. Hekalu la Hadimba, la mbao, lililojengwa mwaka 1553 ndani ya msitu wa mierezi, linafikika kwa miguu. Viatu vinavuliwa na sakafu ni baridi, kwa hiyo soksi nzito. Siku ya pili nilikwenda Vashisht kwenye mabafu ya chemchemi ya moto, wanaume kwao na wanawake kwao, kisha nikatembea hadi maporomoko ya Jogini, mwendo wa saa moja hivi. Ukihema sana kwenye njia hiyo, mwili bado haujazoea, ongeza siku. Maji nilikunywa lita tatu kwa siku, pombe sikugusa. Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamaidi, ila daktari aiandike kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Siku ya tatu: kuruka kwa parashuti Solang, bonde lililo kilomita 13 hivi kutoka mjini. Nilifika mapema kwa sababu bonde likishapata joto mchana, upepo hugeuka wa vurugu. Kabla ya kulipa nilimwomba rubani leseni yake ya idara ya utalii, nikaangalia parashuti ya akiba ipo kwenye kiti, kofia inakaza kidevuni, na mikanda ya mapaja imefungwa yote miwili. Kosa la wageni wengi liko kwenye kuruka: wakihisi parashuti imevuta, wanakaa. Usikae. Kimbia mpaka miguu ikose ardhi, la sivyo wewe na rubani mnaburuzwa wote wawili mteremkoni. Wakati wa kutua, nyoosha miguu mbele.

Mchana nilipita njia ya chini kwa chini ya Atal, kilomita 9.02, iliyofunguliwa Oktoba 2020, nikatokea Sissu upande wa Lahaul, bonde lililo ng'ambo ya mlima. Ni mita 3,100 hivi, na hapo ndipo nilipoupima mwili. Kichwa hakikuuma, usingizi ukaja usiku. Kama kingeuma, Rohtang ningeiacha.

Rohtang ikawa siku ya nne. Magari yanahitaji kibali na idadi yake kwa siku ina kikomo, na Jumanne barabara hufungwa kwa matengenezo. Mwachie dereva kazi ya kuomba kibali siku mbili kabla, lakini akuoneshe karatasi. Madalali wanapenda kukuuzia Solang, Atal na Rohtang kwa siku moja. Kataa. Tulitoka saa 11 alfajiri, tukasimama Marhi, mita 3,300, nusu saa ya chai. Juu nilikaa saa moja tu, nikitembea polepole kama mzee, maana hewa inabana kwelikweli. Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu, na tiba yake ni kushuka, si kupumzika pale pale.

Ovaroli na gambuti za theluji hukodishwa kwenye vibanda vya njiani. Jaribu zipu mpaka juu, kisha ingiza mkono ndani ya gambuti hadi kwenye vidole: mara nyingi pana unyevu wa mteja wa jana, na hapo ndipo miguu inapokufa ganzi. Soksi zako pea mbili, moja juu ya nyingine, na mfuko wa plastiki kati yake, zinatosha. Miwani ya jua ni lazima, theluji inaunguza macho. Simu ilale kifuani, betri huisha haraka kwenye baridi.

Mashua nikaziweka siku ya tano, kwa kuwa Pirdi, zinakoanzia, iko jirani na Kullu, njiani kurudi. Ni kilomita 14 hivi za mto Beas hadi Jhiri. Mtu akuvute mabega ya jaketi la kuelea kwenda juu. Likifika masikioni, halijakazwa. Maji ni theluji iliyoyeyuka. Nguo kavu zikae kwenye begi la mkononi, maana kubwa likishafungiwa kwenye buti la basi hulioni tena mpaka Delhi.