Mama na Mkunga wa Boston

Mama alipokuja kunitembelea Boston, nilimpeleka Beacon Street akaone jengo la serikali ya jimbo la Massachusetts na kuba lake la dhahabu. Kuba hakulijali. Alijiegemeza kwenye uzio wa chuma, akamtazama Anne Hutchinson: mwanamke wa shaba, Biblia mkononi, binti yake ubavuni.

"Huyu kafanya nini?"

Nikamweleza. Alitoka Uingereza mwaka 1634, akawa mkunga kati ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini waliotawala Massachusetts, na wanawake wakawa wanajaa nyumbani kwake kujadili mahubiri ya wiki. Wanaume nao wakafuata. Anne akasema wachungaji wengi wanahubiri kana kwamba mtu anaokolewa kwa matendo, si kwa neema. Novemba 1637 akasimamishwa mbele ya gavana John Winthrop, mshitaki huyohuyo na hakimu huyohuyo. Alipobanwa aseme ana haki gani ya kufundisha, akawatajia Waraka kwa Tito, kwenye Biblia.

"Sura ya pili," Mama akadakia. "Wanawake wazee wawafundishe vijana."

Mama ni mkunga mstaafu. Wazee wa kanisa waliwahi kumwambia aache kuendesha maombi sebuleni kwake, naye akatii: akayahamishia jikoni.

Nilisema Anne alijimaliza mwenyewe alipodai kwamba Mungu amemfunulia moja kwa moja. Mama akakataa katakata.

"Walishaamua, mwanangu."

Na kweli, Anne alipouliza anafukuzwa Massachusetts kwa kosa gani, Winthrop alimjibu asiendelee kusema. Mahakama inajua sababu na imeridhika.

Kilichomchemsha Mama ni kisa cha Mary Dyer, rafiki yake Anne. Oktoba 1637, mwezi mmoja kabla ya kesi, Mary alijifungua mtoto mfu mwenye kasoro za maumbile. Anne alikuwepo, na kichanga kikazikwa kimyakimya. Mwaka uliofuata Winthrop alipata habari, akaamuru kaburi lifukuliwe, kisha akalifanya jambo lile kuwa ishara ya hasira ya Mungu.

Mama akavua miwani. "Wanaume wazima, wamefukua kichanga?" Akaanza kunielekeza, watu wakitupita, walivyokuwa wakifanya zahanati kwake: mtoto anafungwa khanga safi, mzazi anaulizwa kama anataka kumwona, wanawake ndio wanaozika, na hakuna anayehojiwa.

"Na huyo Mary?"

"Sanamu yake iko upande ule. Alirudi Boston akiwa wa dhehebu la Quaker, lililopigwa marufuku pale, wakamnyonga mwaka 1660." Nikaongeza kuwa mwaka 1987 Gavana Michael Dukakis alifuta ile amri ya kumfukuza Anne.

"Hayo ya magavana utanisimulia kwenye basi," akasema, ameshaanza kutembea. "Nipeleke kwa mwenye mtoto."