Maili 200 za Tatay

Nikikuna nazi hapa Masinloc nakaa juu ya mbuzi. Wenyewe wanaiita kudkuran, ila ni mbuzi ile ile ya kwa mama: kigoda cha mbao, ulimi wa chuma wenye meno, sinia chini. Siku mavyaa aliponitolea kile kigoda jikoni machozi yalinitoka. Nilifunga safari kutoka Kilifi nikiamini naacha kila nikijuacho, kumbe vingine vilishanitangulia huku Ufilipino.

Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo, tulijuana Mombasa meli yao ilipotia nanga. Baba yake, ambaye sote humu ndani tunamwita Tatay, yaani baba, ni mvuvi kama alivyokuwa baba yangu. Samaki asiyeuzika leo anapasuliwa, anatiwa chumvi na kuanikwa juani, ng'onda kabisa. Kusi yao ni habagat, kaskazi yao ni amihan, na maisha yanapangwa kwa pepo hizo. Hata chombo chao, bangka, kina mabawa mawili ya pembeni kama ngalawa, na wanahistoria wanasema ngalawa zetu mabawa hayo ziliyapata kwa watu waliovuka Bahari ya Hindi wakitokea pande hizi. Kwa hiyo nikisimulia habari za bahari hii, ambayo ramani zinaiita Bahari ya China Kusini, kwangu si habari za watu baki.

Agosti 2025 mdogo wangu alinipigia simu usiku. "Dada, huko kuna vita?" Alikuwa ameona ile video ya tarehe 11: manowari ya China na meli ya walinzi wa pwani ya China hiyo hiyo zikiifukuza meli ya walinzi wa pwani wa Ufilipino, BRP Suluan, kisha zikagongana zenyewe kwa zenyewe, omo ya moja ikafinyangwa kama kopo. Suluan ilikuwa kwenye safari ya kuwapelekea wavuvi msaada. Nilimwambia vita bado. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini dada, Wachina ndio waliotujengea reli. Usiwaseme vibaya huko mitandaoni." Yeye anafanya kazi kwenye bohari ya makontena, anakula kwa reli hiyo. Nilimwahidi nitamjibu kwa maandishi, na jibu ndilo hili.

Pale zilipogongana ni karibu na mwamba ambao Wafilipino wanauita Bajo de Masinloc. Umebeba jina la mji huu ninaoishi. Jina lake jingine ni Panatag, maana yake tulivu, na kwenye ramani za kimataifa ni Scarborough. Ni pete ya matumbawe yenye pembe tatu, maji yakijaa yanabaki mawe machache tu juu. Kutoka pwani ya Luzon ni kama kilomita 220, umbali wa kutoka Mombasa kukaribia Mtito Andei. Kutoka Hainan, kisiwa kikubwa cha China kilicho karibu nao zaidi, ni karibu kilomita 900.

Tatay alianza kwenda huko akiwa kijana. Bahari ikichafuka, anasema, vyombo vilikuwa vinaingia ndani ya pete ile na kungoja, kwa sababu mawimbi yanavunjikia nje. Aliwakuta humo Wachina na Wavietnam, wakapeana sigara na maji ya kunywa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake karatasi.

Kisha ikaja Aprili 2012. Manowari ya Ufilipino ilizikuta boti za China zimejaa chaza wakubwa, matumbawe na papa hai. Meli za serikali ya China zikaja kuzikinga. Wakatazamana miezi miwili, meli za Ufilipino zikaondoka, za China zikabaki mpaka leo. Tangu hapo Tatay hajaingia tena ndani ya ile pete.

Siku hizi anaishia kwenye payao. Hilo ni boya lililofungwa kwa nanga kwenye kina kirefu, na chini yake wananing'iniza makuti ya mnazi ili samaki waje kutafuta kivuli. Ni kazi ya akili, sibishi, lakini samaki wa payao si samaki wa mwamba. Jioni moja alirudi baada ya siku sita, akafungua sanduku la barafu uani. Juu walikuwepo galunggong, samaki wadogo wa mchuzi wa kila siku, na chini ni hao hao. Akawapanga kwenye gunia mmoja mmoja kwa ukubwa, mkubwa wao hakuzidi kiganja changu, na muda wote hakusema neno. Mavyaa alisimama mlangoni akihesabu kwa macho. Wakishatoa dizeli, barafu na mchele wa safari, na mwenye chombo akichukua fungu lake, mabaharia waligawana pesa ya kununua mchele wa siku chache. Nimekua nikiona magawio ya namna hiyo, najua ukimya unaokaa nyumbani siku kama hizo.

Serikali ya Ufilipino ilikwenda kwenye sheria Januari 2013. China ilikataa kushiriki. Tarehe 12 Julai 2016 jopo la wasuluhishi watano huko The Hague, mwenyekiti wao akiwa Thomas Mensah wa Ghana, lilitoa uamuzi. Ule mstari wa vipande tisa ambao China imeuchora kuzunguka karibu bahari yote, hadi kwenye maji yanayodaiwa na Vietnam, Malaysia na Brunei, hauna msingi kisheria. Kuhusu mwamba wetu, jopo halikusema ni wa nani. Lilisema wavuvi wa Ufilipino wana haki ya jadi ya kuvua pale, kama walivyo nayo wavuvi wa China, na kwamba China ilivunja haki hiyo kwa kuwazuia. Kwangu uamuzi ule ulimtaja Tatay bila kumtaja jina. China ilisema haiutambui, na mpaka leo haijabadilisha neno.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza vizuri. Hizi maili 200 ambazo nchi ya pwani ina haki ya samaki wake hazikutoka kwa Wazungu. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika kule Colombo, Kenya ndiyo iliyoleta hoja hiyo, na mwaka uliofuata ikaipeleka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Mwanasheria aliyeisimamia ni Frank Njenga. Nchi zetu zilikuwa zimepata uhuru juzi tu, na meli kubwa za mataifa tajiri zilikuwa zinavua karibu na fukwe zetu sisi tukitazama. Hoja ile ikaingia kwenye mkataba wa sheria ya bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaica, Desemba 1982. Ufilipino iliuridhia, China nayo iliuridhia mwaka 1996. Kwa hiyo Tatay anapozuiwa kuvua, kinachokanyagwa ni kitu tulichokitengeneza sisi ili wanyonge wapate kusimama mbele ya wakubwa.

Na sitaficha la kwetu. Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipochora mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, nasi tulisema hatuutambui uamuzi. Iliniuma, na inaniuma zaidi nikiwa huku, kwa sababu nimeona aliyeshinda kesi akibaki mikono mitupu.

Septemba 2025 China ilitangaza kuwa sehemu ya mwamba ule sasa ni hifadhi ya mazingira. Tatay aliisikia kwenye redio akiwa anakula. Aliweka kijiko chini. Jopo la 2016 lilikuwa limeona kuwa boti za China zenyewe ndizo zilizovunjavunja matumbawe zikitafuta wale chaza, na serikali yake inajua. Tatay, aliyekuwa akitupa ndoana tu, leo ndiye wa kufukuzwa kwa jina la kulinda matumbawe.

Watu hapa hawazungumzi sana juu ya vita, lakini kila mwaka mazoezi ya kijeshi na Wamarekani, Balikatan, yaani bega kwa bega, yanapokaribia, helikopta zinapita juu ya paa na mtoto wangu anaziba masikio. Ufilipino na Marekani wana mkataba wa kulindana tangu 1951. Meli mbili zikigongana vibaya siku moja na watu wakafa, sijui nani atavuta breki.

Wanachopenda kusimulia ni habari ya Juni 2019. Chombo cha wavuvi wa Mindoro, Gem-Ver, kiligongwa usiku na meli ya China karibu na Recto Bank, watu 22 wakaachwa majini. Waliookoa ni wavuvi wa Vietnam, watu ambao nao wana majeraha yao: mwaka 1988 China iliwaua wanajeshi wao 64 kwenye mwamba mwingine wa bahari hii. Mavyaa akisimulia habari hiyo hufika pale pa Wavietnam akapunguza sauti, kama mtu anayetaja wafadhili wake.

Mimi sina ugomvi na Wachina. Mchele naununua kwa mzee wa asili ya Kichina, na mwezi ukiwa mbaya ananikopesha. Reli nikija likizo naipanda. Lakini reli ile ni mkopo, tunaulipa, na anayelipa deni lake hajauza na mdomo.

Juzi nilimsimulia Tatay habari za Njenga. Alikuwa barazani anafunga ndoana. Akanifanya nirudie jina mara tatu, kisha akauliza, "Anak," yaani mwanangu, "kwenu hizo maili 200 zinafika wapi?" Nikafungua ramani kwenye simu, nikamwonyesha kutoka Kilifi kwenda mashariki. Akakata kipande cha mshipi, akakipima juu ya kioo kwa uangalifu, akakibana kwa kucha. Nikaisogeza ramani taratibu bila kuikuza wala kuipunguza, tukavuka Bahari ya Hindi hadi Masinloc. Akaweka ncha moja kwenye mji wetu na kuunyoosha mshipi kuelekea magharibi.

Ulipita mwamba, ukabaki mwingine mrefu. Akauangalia pale ulipo, akaniomba nisizime simu.