Wakili anayetaka siasa Uganda: karatasi kwanza, jukwaa baadaye

Desemba 2015 Norbert Mao alitaka kurudi kwenye ubunge wa Manispaa ya Gulu. Hakuwa mtu wa kuulizwa wewe ni nani. Ni mwanasheria wa Makerere, mbunge wa hapohapo kuanzia 1996 hadi 2006, mwenyekiti wa wilaya ya Gulu hadi 2011, mgombea urais mwaka huohuo, na rais wa chama cha DP (Democratic Party). Daftari la wapigakura likafunguliwa, jina lake halimo. Mambo yakaishia kwenye meza ya uteuzi. Kiti kikaenda kwa mwenzake wa chama, Lyandro Komakech. Mao hakuzama: 2021 aligombea urais tena, na Julai 2022 akawa Waziri wa Sheria na Katiba. Lakini ukitaka kujua kinachowaangusha mawakili wanaoingia siasani, usianze na hotuba. Anza na hilo daftari.

Njia ya kuwa wakili haina mafumbo. Shahada ya sheria ni miaka 4, iwe Makerere, Uganda Christian University ya Mukono, IUIU (Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda) au chuo kingine ambacho Baraza la Sheria limekikubali. Baada yake ni LDC (Law Development Centre), mafunzo ya uwakili yenyewe, Kampala, Mbarara au Lira. Ukifaulu unaomba kuingizwa katika orodha ya mawakili. Kuanzia hapo wengi hujisahau, kwa sababu kuwa kwenye orodha ni kitu kimoja na kuwa na leseni ya mwaka ni kitu kingine. Leseni hufa tarehe 31 Desemba kila mwaka, hata kama jana yake ulishinda kesi kubwa. Ili kuipata upya unatakiwa uwe na ofisi iliyokaguliwa na kukubaliwa, uwe umelipa ada ya Uganda Law Society, chama cha mawakili, na uwe na pointi za mafunzo ya mwaka.

Mwanasiasa hukosa pointi hizo kwa urahisi sana. Mwaka wa kampeni anashinda mazishini na kwenye harambee, semina za mawakili zinampita. Januari inafika, msaidizi wake ofisini anaendelea kusaini barua na kupeleka hati mahakamani kwa jina la bosi. Kesi ya Huq dhidi ya chuo cha IUIU ilifika Mahakama ya Juu miaka ya 1990 kwa jambo la namna hii, na mahakama ikakataa hati zilizotayarishwa na wakili asiye na leseni hai. Sheria ilirekebishwa 2002 ili mteja asiumie kwa kosa la wakili wake. Anapewa nafasi ya kurekebisha. Wakili mwenyewe hakupewa huruma hiyo. Na kuna hesabu nyingine ambayo watu huikumbuka wakiwa wamechelewa: Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kama ilivyo kwa jaji wa Mahakama Kuu, Katiba inataka awe amefanya kazi ya uwakili, au kupata uzoefu unaohitajika, si chini ya miaka 10. Kufanya kazi, si kuwa na shahada ukutani. Ukiacha leseni ilale kwa kipindi kizima cha ubunge, siku ya kuteuliwa ndipo ubishi unapoanza.

Sasa fomu za kugombea. Mbunge anahitaji kuwa raia, mpigakura aliyeandikishwa, na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Wakili atacheka: ana shahada, nani atamuuliza kidato cha sita? Ataulizwa. Walioingia chuo kikuu kwa mlango wa stashahada au kwa mtihani wa watu wazima hawana cheti cha UACE, yaani cha kidato cha sita, na shahada haikijazi hicho kishimo yenyewe. Wanatakiwa kupata cheti cha ulinganifu kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo hushauriana na UNEB, baraza la mitihani la taifa. Hilo si jambo la wiki moja. Waliosoma Kenya au Tanzania nao wamo humu, na mipakani Busia na Malaba watu wa namna hiyo si wachache.

Majina ni mtego mkubwa kuliko elimu. Cheti cha msingi kinasema jina la nyumbani kwanza, cha sekondari kimeongeza la ubatizo, kitambulisho cha taifa kimeacha herufi moja, na bango la kampeni lina jina la utani. Ikiwa ni majina yaleyale yaliyopangwa kinyumenyume, kiapo cha kueleza huwa kinatosha. Ikiwa umeongeza jina au kulibadili, fuata njia ya kubadili jina hadi mwisho: hati isajiliwe, tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali. Na mpangilio uwe huo kabla ya siku ya uteuzi, maana karatasi iliyopatikana baada ya uchaguzi ni zawadi kwa mpinzani.

Fomu inapelekwa na wapigakura 2 na kuungwa mkono na wengine wasiopungua 10, wote wameandikishwa katika jimbo hilo. Peleka 15 au 20. Katika kumi hao daima kuna mmoja aliyehamia kituo kingine, na mwingine aliyesaini fomu ya mshindani jana yake. Ada ni shilingi milioni 3 na hairudishwi. Kabla ya marekebisho ya 2015 ilikuwa 200,000, na tofauti hiyo imewaacha nje vijana wengi wa wilayani kuliko hoja yoyote ya jukwaani. Wakili wa serikali au mtumishi yeyote wa umma lazima ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi ikiwa ni uchaguzi mkuu. Barua ipokewe na ipigwe muhuri, nakala ikae kwako. Kusema "bosi alijua" si ushahidi.

Kura zimehesabiwa, umeshindwa. Saa zinaanza kukimbia. Ikiwa tofauti ni chini ya kura 50, msimamizi wa uchaguzi mwenyewe anatakiwa kurudia hesabu. Vinginevyo una siku 7 tangu kutangazwa kwa matokeo kwenda kwa Hakimu Mkuu kuomba kura zihesabiwe upya, naye hana budi kulifanya ndani ya siku 4. Kwa hiyo swali la kwanza usiku ule ni "masanduku yako wapi na yamefungwaje?" Sanduku lililovunjwa lakiri ukalifungua kwa mbwembwe mbele ya kamera linakuharibia hata kesi itakayofuata.

Kesi ya kupinga ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti la Serikali. Kwa viti vya serikali za mitaa ni siku 14 tu: mwenyekiti wa wilaya huenda Mahakama Kuu, viti vya chini huenda kwa Hakimu Mkuu. Wakili aliyezoea siku 30 za wabunge akamchukua mteja wa LC5, ngazi ya wilaya, bila kubadili kalenda kichwani amemzika mteja huyo akiwa hai. Mshindani hupewa hati ndani ya siku 7, naye anajibu ndani ya siku 10. Asiyekuwa mgombea anaweza pia kufungua kesi, ila awe mpigakura wa jimbo na awe na saini za wapigakura wasiopungua 500. Saini hizo huvunja kesi nyingi. Mpinzani huzipitia moja moja na daftari mkononi: huyu amekufa, huyu si wa jimbo hili, hawa watano wana mwandiko mmoja. Ukiwa na 500 kamili, mmoja tu akianguka umekwisha.

Halafu viapo. Hapa ndipo sisi wasema Kiswahili tunapaswa kukaa sawa, kwa sababu sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma ina tafsiri pana kuliko watu wanavyodhani. Asiyejua kusoma, kwa hati fulani, ni pamoja na mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ambayo hati hiyo imeandikwa. Mwanajeshi mstaafu wa Koboko anayesoma gazeti la Kiswahili kwa sauti barazani, mbele ya kiapo cha Kiingereza anaingia humo. Kiapo chake kinahitaji jina kamili na anwani ya aliyekiandika, na maneno mwishoni kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, akaonekana kuelewa. Yakikosekana maneno hayo, wakili wa upande wa pili haulizi chochote kuhusu wizi wa kura. Anamuuliza shahidi kwa Kiingereza, "soma aya ya nne." Shahidi akinyamaza, kiapo kimeondoka, na mara nyingi kituo kizima cha kura kimeondoka nacho.

Lazima shahidi afike mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo. Kukusanya saini kijijini kisha kupeleka rundo mjini likapigwe mihuri ni jambo linalofanyika kila uchaguzi na linagundulika kila uchaguzi; swali moja, "kamishna ni mwanamume au mwanamke?", limetosha kuwaumbua wengi. Kamishna naye asiwe wakili wa upande wowote katika kesi. Ofisi ya mgombea-wakili huingia hapa kichwa chini: mgombea ni wakili, wakala wake mkuu ni wakili, msaidizi ni kamishna, wote wa ofisi moja. Kanuni za maadili zinakataza wakili kuendesha kesi ambayo yeye ni shahidi. Basi aliyekaa kituoni usiku akiona kila kitu ndiye asiyeweza kusimama kortini kuuliza maswali. Amua mapema nani anaona na nani anazungumza.

Ushahidi wenyewe ni fomu za DR, matokeo ya kila kituo. Nakala aliyokupa wakala wako haitoshi; Mahakama ya Juu imekwishasema hizi ni hati za umma, zithibitishwe na Tume ya Uchaguzi. Omba kwa barua siku ya kwanza, maana Tume wakati huo inaombwa na nchi nzima. Hata ukithibitisha kasoro, unapaswa kuonyesha kwamba zimeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Pengo la kura 9,000 halizibwi na vituo vitatu vyenye fomu zisizosainiwa. Ukishindwa, taarifa ya rufaa hutolewa kwa mdomo palepale au kwa maandishi ndani ya siku 7. Kwa ubunge, Mahakama ya Rufaa ndiyo mwisho.

Tuseme umeshinda, na kiti ni cha mwenyekiti wa wilaya. Wakili hufika akidhani amepewa serikali ndogo. Amepewa kitu, lakini si hicho. Mhasibu mwenye dhamana ya fedha ni CAO, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, ambaye tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 huteuliwa kutoka juu, si na wilaya. RDC, mkuu wa wilaya, ni wa Rais. Mwenyekiti anaongoza siasa na kamati ya utendaji. Hundi si yake. Kampala iliyaonyesha haya kwa ukali zaidi chini ya sheria ya 2010 ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala: Erias Lukwago, wakili na mbunge wa zamani wa Kampala ya Kati, alichaguliwa Lodi Meya 2011, huku mamlaka ya fedha na utendaji yakiwa kwa mkurugenzi mtendaji, Jennifer Musisi. Baraza la uchunguzi chini ya Jaji Catherine Bamugemereire lilikaa 2013, na Novemba madiwani wakapiga kura ya kumwondoa. Wapigakura walimrudisha 2016, tena 2021. Ukiwa na theluthi mbili ya madiwani dhidi yako, kujua sheria kunakusaidia kortini, si ukumbini. Bora kuwajua madiwani kwa majina, na majina ya watoto wao.

Silaha halisi ya mwanasheria wilayani ni sheria ndogo ya wilaya, na ajabu ni kwamba mawakili wengi hawaigusi. Baraza linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi 2. Muswada ukipita hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu kupitia waziri athibitishe haupingani na Katiba, ndipo mwenyekiti asaini. Miswada hukwama kwa sababu imenakiliwa kutoka wilaya nyingine pamoja na majina ya mito ya huko, au imeweka adhabu ambayo wilaya haina uwezo wa kuiweka. Faini ya juu ni pointi 2 za sarafu, yaani shilingi 40,000. Mwenye lori la mchanga atakulipa taslimu na kesho atapita tena. Ndiyo maana mwandishi mwerevu hategemei faini. Anaandika masharti ya leseni, na kuinyang'anya leseni ndiko kunakouma.

Jambo la mwisho ni la ofisi uliyoiacha mjini. Ndani ya miezi 3 tangu uwe kiongozi unatangaza mali, mapato na madeni kwa IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kisha kila baada ya miaka 2. Pesa za wateja zilizo katika akaunti ya ofisi si zako, zisiingie kwenye orodha, na zisitumike kulipa mafuta ya kampeni kwa ahadi ya kuzirudisha. Mpe mwenzako mamlaka ya kusaini kwa maandishi kabla ya kuapishwa. Jacob Oulanyah, wakili aliyekuja kuwa Spika 2021, alipoteza kiti cha Omoro 2006 akakirudisha 2011. Miaka 5 katikati ni mirefu, na ukiwa nje ya Bunge muda wote huo, mlango wa ofisi yako uwe bado unafunguka na leseni ya Januari iwe imelipwa.