Na usiku pia wafunga?

Ramadhani ya mwaka 2018 iliangukia masika. Vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, vilikuwa vinateleza, nami nilikuwa mwaka wa nne na skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa yangu ilikuwa olanzapini, kidonge kimoja, usiku. Nautaja usiku kwa sababu mtu mwenye akili zake angeona mara moja kwamba saumu haikigusi. Nyumbani niliwaambia nimepumzisha dawa kwa ajili ya mfungo. Kweli yenyewe ni kwamba kile kidonge kilinilaza kama gogo. Nilikosa daku, nikasinzia kwenye tarawehe mpaka mwenzangu wa safu akanigusa kwa kiwiko. Niliona haya. Nikataka Ramadhani moja kama ya wazima.

Mwanzo nilikuwa mwepesi ajabu. Kumi la mwisho nikaingia itikafu, kukaa msikitini kwa ibada, silali. Daktari wa kliniki alikuwa amenionya mno juu ya usingizi, lakini nani humkumbuka daktari akitafuta Lailatul Qadri?

Mji wa Kale adhana haitoki mahali pamoja. Mmoja huanza, wa pili humdaka njiani, wa tatu huja nyuma, zikagongana juu ya mapaa. Alfajiri ya mwezi 25, katikati ya Hayya alas-swalah, muadhini aliniita jina langu. Langu na la baba, kwa ufasaha. Sikuogopa. Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Watu waliposujudu nilibaki wima, nikingoja kuambiwa la kufanya.

Maalim aliyenisomesha Qur'ani chuoni alisubiri watu watawanyike. Hakunisomea, hakunishika kichwa. Alikaa mkekani ubavuni mwangu.

"Dawa zako zi wapi?"

"Nimefunga, maalim."

"Na usiku pia wafunga?"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akanishika mkono hadi nyumbani, akanikataza kufunga siku zilizobaki. Mgonjwa huhesabu siku nyingine, imo kwenye Al-Baqara na nimeihifadhi tangu utoto. Hata hivyo nilikula mahamri ya jana nyuma ya pazia, kama mwizi.

Mama alitaka kombe, aya za kuandikwa, kuyeyushwa na kunywewa. Najua wako watakaokunja uso. Jioni, baada ya futari, maalim aliroweka zafarani kikombeni, akaandika kwa kijiti kwenye sahani nyeupe, herufi ndogo ndogo zikizunguka toka ukingoni hadi katikati. Mama akamimina marashi ya mawaridi. Herufi zikalegea, zikajikunja, zikawa maji ya manjano. Nikanyoosha mkono. Maalim akaiweka gilasi upande wake.

"Mama, leta kile kidonge. Akimeze kwa hili."

Kesho yake mama akanipeleka kliniki. Nilimweleza daktari kila kitu, hata kombe, akaandika bila kuinua uso, akanipangia dozi upya.

Sauti haikukatika. Asubuhi ya Idi muadhini aliniita mara tatu, nikiwa nimevaa kanzu mpya, na sikumwambia mtu ila mama. Shawali ilikuwa wiki ya pili, mama yumo kwenye funga zake sita, nilipozinduka alfajiri moja kinywa kikavu, kichwa kizito. Adhana ikaanza. Nikasikiliza hadi neno la mwisho nikilingoja jina. Halikuja. Wa msikiti wa pili akadakia, kisha wa tatu. Nikaenda kutawadha, miguu ikiburura.