Tulivyowakaribia wahadhiri bila fomu mkononi

Nafanya kazi katika ofisi ya uhakikisho wa ubora ya chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na kwa muda mrefu wahadhiri walituita polisi. Sikuwalaumu. Walichokiona kutoka kwetu ni fomu za mahudhurio na barua za kuwakumbusha kwamba wakaguzi wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wako njiani. Tume hiyo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutaka kila chuo kiwe na utaratibu wake wa ndani wa kulinda ubora. Utaratibu tulikuwa nao, tena umefungwa vizuri kwenye mafaili. Madarasani hakuna kilichobadilika.

Hata ile tathmini ya wanafunzi hujazwa muhula ukiisha. Majibu yakitoka, darasa limeshatawanyika, na mhadhiri hupewa wastani wa alama. Sasa 3.4 imwambie nini mtu?

Nilianza na mhadhiri wa usafirishaji, mzee anayesikizwa na wenzake. Nilipobisha hodi aliniuliza, "Mwanangu, waja kunikagua?" Nikamwambia, "La, Mwalimu, nataka tusome mitihani yako ya zamani." Tukaweka mwongozo wa kozi upande huu, mtihani upande ule. Mwongozo uliahidi kwamba mwanafunzi ataweza kuchambua sababu za mizigo kukwama bandarini. Mtihani nao: taja, orodhesha, eleza maana ya. Mzee akavua miwani, akazipitia tena karatasi moja moja, kisha akaagiza chai.

Swali jipya tuliloliandika lilihusu kontena lililoshushwa bandarini Kilindini: uzito kwenye hati moja haulingani na hati nyingine, storeji, yaani ada ya kuliweka bandarini, inapanda kila siku, mteja anapiga simu. Mwanafunzi aanzie wapi, na gharama ni ya nani? Mimi usafirishaji siujui, na hilo lilitufaa, kwa maana kila mara nilimuuliza, "Hili atakuwa amelisoma wapi?" Ikabainika kwamba hati zenyewe wanafunzi hawajawahi kuzishika. Basi akapunguza mihadhara ya nadharia, akaleta nakala za hati darasani. Swali moja la mtihani likavuta vipindi kadhaa nyuma yake.

Katikati ya muhula tukawaomba wanafunzi waandike, bila majina, kinachowasaidia na kinachowatatiza. Hapo nilivutana na bosi wangu, aliyetaka ripoti. Nilishikilia kwamba majibu hayo ni ya mhadhiri, yasifike kwa mkuu wa kitivo wala kwenye faili la kupandishwa cheo. Tukakubaliana ofisi iandikiwe tu alichobadilisha. Bila hilo, nina hakika wengine wasingefungua milango. Mzee ndiye aliyewaleta. Mimi barua sikuandika.

Wanaonishinda ni wahadhiri wa muda. Hulipwa kwa saa za kufundisha, na wengi hukimbizana na vipindi vya vyuo vingine mjini. Kumwambia mtu kama huyo abaki tusome mtihani ni kumwomba afanye kazi bure. Nimependekeza saa hizo ziingizwe kwenye malipo yao. Mkuu wa kitivo amekubali kwa mdomo. Kwenye bajeti bado sijaziona.