Mabango ya Sinema Juu ya Dari ya Nyumba Yetu ya Majengo

Tangu habari zienee mtaani kwamba nyumba ya marehemu baba mkubwa, huku Majengo, Dodoma, imetoa mabango ya zamani ya sinema, karibu kila anayebisha hodi huanza na swali la bei. Swali hilo ni halali na nitalijibu kadiri ninavyojua. Lakini kitu ambacho mimi nakiona kuwa adimu kuliko vyote katika mzigo ule hakina bei katika mnada wowote, nacho ni vipande vya karatasi vilivyobandikwa chini ya mabango hayo, vilivyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na mtu aliyetaka watu wa mji huu waje sinema usiku ule.

Nyumba yenyewe ni ya mtindo wa kizamani, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na bati zake zilikuwa zimeoza hata mama mkubwa akaamua kuezua na kuezeka upya kabla ya mvua. Mafundi walipobandua mbao za dari walikuta kwanza karatasi kubwa zilizopigiliwa misumari kwenye papi, chini kidogo ya bati, bila shaka kwa ajili ya kuzuia vumbi. Hizo hazikuwa na la kuokoa, kwa kuwa joto la bati lilikuwa limezikausha hadi zikawa kama majani makavu ya mgomba, na ukizigusa zinavunjika. Ila juu ya chumba cha uani, katikati ya kenchi mbili, palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa gunia. Ndani yake mlikuwa na mabango 14, yamekunjwa na kupangwa vizuri, na mchwa walikuwa wamefika kwenye pembe moja tu ya sanduku, palipoingia kutu.

Baba mkubwa alifanya kazi katika ukumbi wa sinema wa mjini, akikata tiketi jioni na kubandika mabango mchana. Mama mkubwa ananiambia: “Mwanangu, baba yako alikuwa anatoka asubuhi na baiskeli, ndoo ya gundi mbele, mabango nyuma, na gundi yenyewe nampikia mimi kwa unga wa ngano.” Sote katika ukoo tulijua kwamba alikuwa mtu wa sinema, lakini hakuna aliyejua kwamba aliweka akiba.

Ili kuelewa kwa nini akiba hiyo ni ya ajabu, yafaa kukumbuka kwamba bango la sinema halikutengenezwa ili lidumu. Lilichapwa kwenye karatasi nyepesi ya bei nafuu, likabandikwa ukutani kwa gundi, likapigwa na jua, kisha likabandikwa jingine juu yake. Lililosalia lilitakiwa lifuatane na filamu kwenda mji mwingine, na huku kwetu safari hiyo ilikuwa ya treni, kwa sababu Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyokuwa njia ya mizigo ya bara. Mama mkubwa anakumbuka makopo ya filamu yakishushwa stesheni na kupakiwa tena baada ya siku chache kuelekea Tabora. Bango lililobaki Dodoma, kwa hiyo, ama lilikuwa limechakaa kiasi cha kutostahili nauli, ama kulikuwa na mtu aliyelipenda mno. Nikiyatazama haya 14, naona aina zote mbili.

Hali ya hewa nayo ilitusaidia. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu mtupu. Ukavu huo unamtesa mkulima, lakini huzuia ukungu, ambao ndio adui mkubwa wa karatasi katika miji ya pwani. Hasara yake ni kwamba karatasi inakuwa ngumu na dhaifu pale ilipokunjwa, na ndiyo maana mabango manne bado hatujayafungua kikamilifu.

Bango lililonishika zaidi ni la Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, ambayo ilikuwa ya kwanza kutoka India kuingia katika kinyang’anyiro cha tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwigizaji wake mkuu, Nargis, anaonekana na plau begani, uso umejaa jasho na udongo, na nyuma yake anga jekundu ambalo mchoraji amelipaka kwa mikupuo mipana ya brashi. Jina limeandikwa kwa hati tatu, ya Kihindi, ya Kiurdu na ya Kilatini, kama ilivyokuwa kawaida ya mabango ya India ya wakati ule. Pembe zote nne zina matundu ya misumari, na pembe ya kushoto chini imelika.

Chini ya yote hayo kuna kipande cha karatasi ya kaki chenye upana wa kiganja, kimebandikwa kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Juu yake baba mkubwa ameandika kwa brashi na rangi nyeusi: “DENI HALIISHI, MAMA ANALIMA MWENYEWE. LEO SAA 3 USIKU. CHINI 1/- JUU 2/50.” Herufi zinaanza kubwa, kisha zinabanana kuelekea mwisho kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha, na rangi ya neno “mwenyewe” imechuruzika kidogo. Huo ndio mwandiko wake, ninaoufahamu kutokana na barua alizotuandikia tukiwa shule.

Nimelitafakari tangazo hilo kwa muda mrefu. Filamu ile inaeleza habari za mwanamke wa kijijini anayelemewa na deni la mkopeshaji, akabaki kulima na kulea watoto peke yake. Baba mkubwa angeweza kutangaza nyimbo zake, au uzuri wa Nargis, au sifa zake huko India. Alichagua deni na jembe, kwa kuwa alijua ni nani anayepita mbele ya ukuta wake: mtu aliyetoka Bahi au Kongwa kuuza karanga na kuku, ambaye mwaka wa njaa umemfundisha maana ya kukopa. Hakujua Kihindi hata kidogo. Aliitazama filamu kupitia chumba cha mashine, akaielewa, akawaeleza wenzake kwa sentensi moja. Nakala nyingine za bango la Mother India zipo duniani, lakini hii ndiyo pekee inayoonyesha jinsi filamu ilivyoletwa kwa watu wa Dodoma na mmoja wao.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Lipo la Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ambayo wazee wa pwani na bara bado wanaimba nyimbo zake. Lipo moja la Bruce Lee, lililofifia. Yapo ya makauboi. Matatu ni ya mlalo, yenye sentimita 102 kwa 76, na huo ndio mkao wa mabango ya Uingereza, tofauti na ya Marekani ambayo husimama wima yakiwa na takriban sentimita 69 kwa 104. Moja kati ya hayo matatu lina jina la mchapaji katika ukingo wa chini, Stafford wa Netherfield, Nottingham, kampuni iliyochapa mabango mengi ya sinema ya Uingereza.

Walio na mabango nyumbani wajue jambo moja kuhusu umri. Mwaka wa filamu si lazima uwe mwaka wa bango, maana filamu iliyopendwa ilirudishwa kumbini mara nyingi, na kila mara mabango mapya yaliweza kuchapwa. Kioo cha kukuzia husaidia: ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kwa utaratibu, rangi imetokana na picha iliyopigwa kwa kamera kabla ya kuchapwa, na ukiona mikwaruzo laini isiyo na mpangilio kama ya chaki, huenda mchoro ulifanywa kwa mkono moja kwa moja kwenye bamba la kuchapia. Mikunjo haipunguzi uhalisi. Mabango ya Marekani yenyewe yalikuwa yakisafirishwa yamekunjwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa bei. Wanaouliza wamesikia habari za Marekani, na habari hizo ni za kweli. Huko Berwick, Pennsylvania, yalipatikana mabango 33 ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 yakiwa yamegandamana kwa gundi, na mwaka 2012 yakauzwa katika mnada wa Dallas kwa zaidi ya dola 500,000. Bango la filamu ya Kijerumani Metropolis, ya mwaka 1927, liliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000. Hayo yalikuwa mabango ambayo nakala zake zinahesabika kwa vidole. Ya kwetu hayamo katika kundi hilo, na soko hupunguza thamani kwa kila tundu la msumari na kila kipande kilichoongezwa. Mnunuzi mmoja, aliyepata habari kupitia jamaa, alitushauri tubandue vile vipande vya kaki ili mabango yawe safi. Mama mkubwa alikataa kabla sijafungua mdomo, na nilimshukuru sana, kwa kuwa kubandua vipande vile ni kuifuta Dodoma kutoka kwenye mabango hayo.

Tulichofanya ni kuyapiga picha yote yaliyofunguka, mbele na nyuma, yakiwa na vipande vyake, kisha kuyafuta vumbi kwa brashi laini na kuyalaza ndani ya makasha bapa ya karatasi isiyo na tindikali, mbali na dirisha, kwa sababu jua hula kwanza rangi nyekundu na ya njano, likaacha bluu peke yake. Hatukutumia utepe wa gundi mahali popote, wala hatutayapeleka kupigwa plastiki, kwani vyote viwili haviondoki bila kuondoka na karatasi. Yakihitaji kuimarishwa kwa nyuma, itatumika gundi ya wanga wa ngano ambayo huachia ikilowa maji, ndugu wa ile aliyoipika mama mkubwa. Ningependa baadaye yaonekane hadharani humu humu mjini, pengine Chuo Kikuu cha Dodoma, na nakala za picha zake zihifadhiwe na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapa hapa. Wanafunzi waliozaliwa baada ya televisheni kuingia Tanzania Bara mwaka 1994 wanastahili kuona mji wao ulivyokuwa ukialikana usiku.

Limebaki bango moja ambalo mchwa walikula sehemu yote yenye jina. Linaonyesha mwanamume mwenye kilemba cheupe amesimama kwenye ngazi za treni, mwanamke mwenye sari ya kijani akiwa chini yake ameshika taa ya kandili, na kwenye kipande cha kaki yamebaki maneno “…ALIRUDI KUMTAFUTA. KESHO MWISHO.” Mama mkubwa haikumbuki filamu hiyo. Mzee wetu yeyote, babu au bibi, aliyewahi kuiona katika ukumbi wa Dodoma, Singida au Tabora, naomba aseme ilikuwa ipi, na kama anakumbuka, aseme pia yule aliyerudi alimpata au hakumpata.