Alipokataa ziwa

Mafua aliyaleta mwanangu mkubwa kutoka chuo cha Kurani, kama kawaida ya watoto. Mdogo wake, wakati huo ana miezi mitano, naye akaanza kupiga chafya. Nani wa kushtukia mafua kwetu Makangale, Pemba? Bi mkubwa, mamake mume wangu, akampaka mafuta ya habasoda kifuani, kazi zikaendelea.

Homa haikuwa kali, na mimi kila nikimgusa paji la uso natulia. Aliyeona ni bi mkubwa. Usiku nimempakata, anashika ziwa, anavuta mara mbili tatu, analiachia analia bila ya sauti.

"Mwanangu, huyo hana pumzi za kunyonyea."

Akamvua fulana, tukammulika kwa simu. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani na tundu za pua zinatanuka. Nepi kavu tangu adhuhuri. Mume wangu akaenda kumgongea jirani mwenye gari. Njia ya Msitu wa Ngezi usiku, na mashimo yale, naomba nisiihadithie.

Hospitali ya Wete, nesi alitazama saa yake akahesabu pumzi dakika nzima, hasemi na mtu. Zilikuwa 68, na kwa umri ule zikifika 50 tu tayari ni za kasi. Akambana kidude chenye taa nyekundu kwenye kidole gumba cha mguu, kikasoma 87. "Oksijeni ikiwa chini ya 90 simrejeshi mtu nyumbani," akasema.

Akawekewa oksijeni puani, ukapitishwa na mpira mwengine mwembamba mpaka tumboni. Mimi kazi yangu kukamua. Nesi anamimina maziwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, analiinua juu, yanateremka yenyewe taratibu, na mtoto hata hajui kama anakula.

"Sasa dawa yake hasa ipi?" mume wangu akauliza.

"Baba, hivi ni virusi. Vimevimbisha vijia vidogo vya hewa mapafuni, vimejaa makamasi. Antibiotiki haiviui. Mwili wake ndio utakaovimaliza. Sisi tunahakikisha haishiwi pumzi wala maji."

Hakuridhika, wala mimi. Kulazwa bila ya kuchomwa hata sindano moja! Na kesho yake alizidi, ingawa daktari alishatuonya kuwa siku ya tatu mpaka ya tano ndizo nzito. Wakamvuta makamasi, oksijeni ikaongezwa, tukangoja. Kungoja kule kulinichosha kuliko uzazi wenyewe.

Alipotolewa mpira wa tumboni alinyonya mpaka akapaliwa. Tukaruhusiwa, tukaambiwa kikohozi kitabaki wiki kadhaa, ila akikataa tena ziwa au mbavu zikibonyea tusingoje asubuhi. Kikohozi kweli kilibaki. Bi mkubwa akampaka habasoda kila jioni mpaka kikakatika, na ushindi akauhesabu wake.